Baridi Ikikatika

Mama mkwe wangu anasema Kiswahili cha Unguja, na Unguja hajaitia mguu hata siku moja. Mgeni anayefika kwetu Mawaleh, hapa Maskati, kwa mara ya kwanza hugeuka nyuma kutafuta nani anayesema, maana sauti inayomkaribisha, "Pita ndani mwanangu, viatu viache kivulini," inatoka kwa bibi mweupe mwenye macho ya kijivu, kajitanda kanga, na sindano ya kushonea kofia kaichomeka kifuani. Wengine hucheka. Mimi wanaocheka siwapendi, na wengi wao nimeshawaambia usoni.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Alevtina, na kwao walilifupisha wakamwita Alya. Aliposilimu na kuolewa na Marhoon akawa Aliya, na mtaani ni Bi Aliya, basi. Kiswahili alifundishwa na mama yake Marhoon, bibi wa Malindi ya Unguja ambaye Kirusi hakukijua wala hakutaka kukijua. Walianzia Dar es Salaam, walikokaa miaka michache, wakamalizia hapa Maskati familia ilipohamia. Darasa lilikuwa jikoni. Ndiyo maana mpaka leo Bi Aliya akikasirika hasemi kitu. Anagonganisha sufuria tu, na nyumba nzima inaelewa.

Kwao ni kijiji kinachoitwa Zarechka, ukingoni mwa mto Mezen, katika mkoa wa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi. Mkoa huo naujua kuliko ninavyoijua Dhofar ya hapa hapa Omani, na sababu ni ramani. Marhoon, Mungu amrehemu, alikwenda huko akiwa kijana kusomea misitu, na alichorudi nacho ni shahada, mke, na ramani ya mkoa. Misitu hakuipata tena. Akaajiriwa katika kiwanda cha milango kule Rusayl, na kila zilipoingia mbao kutoka upande ule wa dunia, alikata kipande cha msonobari, akakitia mfukoni mwa kanzu, akamletea mkewe. Bi Aliya alikinusa, akakiweka kabatini katikati ya nguo. Kabati lake linanukia utomvu na udi kwa pamoja.

Ramani iko ukutani sebuleni. Marhoon aliwasimamisha wanangu mbele yake tangu hawajajua kusoma. "Mkoa mmoja tu huu," aliwaambia, "na Omani nzima unaitia ndani na nafasi inabaki." Juu kabisa ni Bahari Nyeupe, ambayo wakati wa baridi inaganda. Chini yake ni nchi tambarare: misonobari mpaka macho yachoke, vinamasi, maziwa madogo yasiyo na hesabu. Ukizidi kwenda kaskazini miti inafupika, inakwisha, inabaki ardhi ambayo tumbo lake haliyeyuki mwaka mzima. Theluji inaanza mwezi wa kumi na inaondoka wa tano. Mwezi wa kumi na mbili jua linachungulia tu, kisha linarudi kulala, na mwezi wa sita halitaki kuzama. Hatem, mume wangu, alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza mama yake walijuaje Magharibi imeingia. "Tulikuwa hatusali, mwanangu," alimjibu. "Tulikuwa tunaangalia ng'ombe wakirudi."

Na mito. Marhoon aliipenda mito kuliko vyote. Mito mikubwa ya mkoa ule inakwenda kaskazini, kwa hiyo joto linapoingia, kusini kunayeyuka kwanza, maji yanashuka na vipande vya barafu, yanafika kaskazini yanakuta mlango bado umefungwa. "Hapo ndipo penye kasheshe," alikuwa akisema, akigonga ramani kwa kidole.

Zarechka iko ng'ambo ya mto, na daraja hakuna. Wakati wa joto watu wanavuka kwa boti. Wakati wa baridi wanavuka kwa miguu na kwa magari, juu ya barafu. Baba yake Bi Aliya alikuwa na kazi yake kila mto ulipoganda: kutoboa barafu, kupima unene, na kuchomeka matawi ya misonobari kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, ili dereva ajue pa kupita hata theluji ikivuma. Katikati ya majira hayo mawili havuki mtu. Haya yote tuliyasikia mezani mwaka baada ya mwaka, huku tukipakua wali, na hakuna aliyeyatia akilini kama jambo litakalomhusu.

Bi Aliya alirudi kwao mara moja tu, mama yake alipofariki. Ilikuwa mwezi wa saba, akavuka kwa boti huku mbu wakimla. Baada ya hapo Marhoon akaugua maradhi marefu, mkewe akamuuguza mpaka mwisho, na miaka ikapita. Huko kwao alibaki dada yake mmoja, Taisiya, mkubwa wake, ambaye hakuolewa. Mama yao alikuwa akishinda kazini kwenye shamba la ng'ombe, kwa hiyo aliyemwogesha Bi Aliya, aliyemsuka na kumpeleka skuli akimshika mkono ni Taisiya. Simu ya Ijumaa ilikuwa yake. Bi Aliya alikuwa akivaa kanga nzuri kabla ya kupiga, ijapokuwa Taisiya hakuwa na simu ya kuonyesha sura.

Mwanzoni mwa mwaka huu Taisiya akapiga mwenyewe, na haikuwa Ijumaa. Moyo wake ulikuwa umechoka. Muuguzi wa kijiji alitaka apelekwe hospitali mjini, akakataa. Bi Aliya alisikiliza kwa muda mrefu, akakata simu, akatugeukia mimi na Hatem.

"Anasema anataka tuonane kabla hajafa," alisema. "Anasema nende sasa hivi. Baridi imeshika, njia nzuri."

Hatem ni mtoto wa pekee, na anampenda mama yake kwa namna ya kumfungia ndani. Mwaka uliotangulia Bi Aliya aliugua kichomi, akalazwa, na tangu hapo Hatem humfunga shali hata mwezi wa tano.

"Mama, huko sasa hivi nyuzi thelathini chini ya sifuri," alisema. "Na kifua chako hiki? Wallahi utatufia njiani."

Nilimtazama Bi Aliya nikitaraji sufuria zigongane. Hazikugongana. Alijivuta ndani ya kanga yake, na nje Maskati yote imefungua madirisha kwa raha ya msimu, akasema taratibu, "Kweli. Baridi ile mie siiwezi tena. Na Ramadhani hii hapa mlangoni. Natufunge, tule Idi, baridi ikatike, halafu n'takwenda."

Sote tukafurahi. Ilikuwa akili nzuri, akili ya mtu wa hapa. Sisi tunajua safari ina wakati wake: unaukwepa ule mwezi unaoua, unasubiri hewa ilainike, unatoka. Hatem akakata tiketi za mwisho wa mwezi wa nne. Taisiya alipoambiwa tarehe alisema neno fupi tu. "Kasema nikija nimekuja," Bi Aliya alitueleza. "Kanuna. Toka zamani ana haraka, yule."

Ramadhani ikapita. Idi tukala, wageni wakaja, Bi Aliya akashona kofia tatu za kumpelekea dada yake ambaye hana mume wala mwana wa kuzivaa. Nilimuuliza za nini. Akaniambia, "Atazitundika. Aone kazi yangu."

Tulipotua Arkhangelsk mji mzima ulikuwa unadondosha maji. Mapaa yalidondosha, miti ilidondosha, theluji kando ya barabara ilikuwa nyeusi kama masizi na inakwenda zake mitaroni. Jua liliwaka. Hatem alifungua zipu ya koti lake jipya akacheka, "Umeona, Mama? Umeiona hali ya hewa?" Bi Aliya naye alicheka. Alifurahi kama mtoto, akawa anasoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja baada ya kingine.

Tulikodi gari na dereva, bwana mmoja mpana asiyependa maneno. Njia ilikuwa ya msitu mtupu, misonobari huku na misonobari huku, na chini tope la kufika magotini. Tuliposimama kunywa chai, dereva alimuuliza Bi Aliya tunakwenda hasa wapi. Akamjibu. Dereva akauliza tena, kama mtu aliyesikia vibaya. Akamjibu tena, safari hii pole pole. Kisha Bi Aliya akaiweka ile bilauri ya chai mezani, haijafika nusu, na hakuigusa tena. Nilimuuliza kuna nini. Akatoa tasbihi mkobani, na mpaka tunafika alikuwa akiivuta.

Barabara iliishia ukingoni, mbele ya gogo lililolazwa kukata njia na kibao cha rangi nyekundu. Mbele ya gogo ulikuwa mto. Sikujua kwamba ni mpana vile. Uliganda wote, lakini haukuwa mweupe kama kwenye picha. Ulikuwa wa kijivu, una madoa meusi na madimbwi ya maji juu yake, na kingoni barafu ilikuwa imeachana na ardhi kwa ufa mpana. Kutoka pale tuliposimama, ulianza mstari wa matawi ya misonobari yaliyochomekwa kwenye barafu, ukaenda moja kwa moja mpaka ng'ambo, kwenye nyumba za magogo zinazotoa moshi. Baadhi ya matawi yalikuwa yamelala upande.

Bi Aliya alishuka akaenda mpaka kwenye gogo, akaliwekea mikono.

"Njia imefungwa," alisema. "Imefungwa kitambo."

"Itafunguliwa lini?" Hatem aliuliza.

"Haifunguliwi, baba. Inaondoka." Aligeuka akatutazama, na uso wake siujui niueleze vipi. "N'mesahau, Hatem. Baba'angu ndiye aliyekuwa akiifunga njia hii kwa mikono yake, kila mwaka, jua likianza kuwa zuri kama hivi. Mie n'kimfuata nyuma. N'mesahau! N'mekaa na nyinyi mpaka n'kaiona baridi ni adui. Taisiya kaniambia, njoo baridi imeshika, na mie n'kasikia kama mnavyosikia nyinyi."

Nilitaka kumwambia si kosa lako. Nilitaka pia kumpiga Hatem kofi kwa zile tiketi, na kujipiga mwenyewe, maana nilizifurahia. Sikufanya lolote katika hayo. Nilimfunga shali vizuri, kama kwamba tatizo lilikuwa shali.

Hatem hakukubali. Ni mtu aliyekulia kwenye gari za juu za kupandia majabali, na njia ya Quriyat ya zamani, kwetu Omani, aliipita mara nyingi mawadi, yale mabonde makavu, yakiwa na maji, jambo ambalo nimeshagombana naye. Akalivuka gogo, akasimama ukingoni. "Mama, barafu si hii hapa nzima?" alisema. "Ng'ambo si pale? Mie mwepesi, n'tatembea juu ya mstari wa matawi, n'tamchukua Khalati Taisiya mgongoni n'mlete."

Dereva alisema neno moja na kutikisa kichwa. Bi Aliya hakutosheka na moja. Alimpigia kelele mwanawe, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipiga kelele.

"Unayakumbuka maji ya Quriyat?" alimwambia. "Ulikuwa mdogo, tumekaa ndani ya gari mchana kutwa, baba'ko kakataa kuvuka, na wale vijana wa pikapu wakavuka mbele yetu. Umewaona wametoka? Basi hapa ni vilevile. Kule njia inafungwa maji yakija. Hapa njia ni maji yenyewe, yakiwa magumu. Yakilainika, khalas, njia hakuna. Rudi!"

Hatem akarudi. Akakaa juu ya gogo akalia, mwanamume mzima mwenye ndevu zenye mvi, na dereva akageuka akatazama msitu kwa adabu.

Tulipata chumba upande huu, kwa bibi mmoja aliyekuwa na mbuzi. Bi Aliya akampigia dada yake simu kumwambia tulipo. Mchana wake tukaona watu wanashuka kutoka kwenye zile nyumba, wamebeba kiti. Walikiweka ukingoni kule, na juu yake palikuwa na kitu kama furushi la mablanketi. Umbali ulikuwa wa kumjua mtu kwa rangi ya nguo, si kwa sura. Bi Aliya alifungua sanduku akatoa kanga nyekundu, akaivaa juu ya koti, akasimama kwenye mwinuko na kuinua mikono. Ng'ambo kikapepea kitambaa cheupe.

Walizungumza kwa simu huku wanatazamana. Mimi Kirusi sijui. Nilisimama nyuma nimemshika kiuno asiteleze, nikasikia sauti yake inavyobadilika, inakuwa nyembamba, ya msichana anayejitetea kwa mkubwa wake. Alipomaliza nilimuuliza walisema nini maneno mengi vile.

"Kaniuliza kama nnakula," alinijibu. "Kasema n'mekonda."

"Kakuona vipi?"

"Hajaniona. Ndivyo anavyosema siku zote."

Nilimuuliza bibi wa mbuzi, kwa mikono na kwa kutafsiriwa na Bi Aliya, kama hakuna ndege, kama hakuna chochote. Ipo helikopta ya wagonjwa, alisema, hewa ikiruhusu, ila haichukui mtu mwingine. Muuguzi alikuwa ameiomba, na ilikuwa tayari kuja kumchukua Taisiya kumpeleka mjini. Taisiya aliwakatalia. Aliwaambia mdogo wake yuko ukingoni kule anamtazama, yeye aende wapi? Bi Aliya alimsihi kwenye simu apande hiyo ndege, wakaonane huko huko mjini, naye akamjibu kwamba hawezi kufia angani. Ukaidi wao ni mmoja.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Kila mchana kiti kinashuka kule, kanga inasimama huku, na katikati mto unazidi kuwa mweusi. Kila siku kitambaa cheupe kilipepea kidogo kuliko jana yake. Hewa ilikuwa nzuri ajabu, ndege wanaimba, na mimi niliichukia hewa ile kama ninavyomchukia mtu.

Barafu ilivunjika asubuhi tunakunywa chai. Nilidhani ni mzinga. Madirisha yalitetemeka, mbuzi wakalia, na Bi Aliya akatoka nje, miguuni ana sendozi zake za ndani. Mto mzima ulikuwa umenyanyuka, umepasuka, na mabamba makubwa kama viwanja vya nyumba yanasukumana. Kipande kile chenye njia kilikatika kikiwa kizima. Tuliuona mstari wa matawi unaondoka pole pole kuelekea kaskazini, matawi bado yamesimama wima, yamepangwa vizuri kama alivyoyapanga mwenyewe aliyeyapanga. Yalifika kwenye kona ya mto, yakaanza kugongana, yakalala. Bi Aliya aliyatazama mpaka la mwisho.

"Sasa hata wale wa helikopta hawatoki," alisema. "Ukungu unakuja na maji."

Na ukungu ukaja. Kiti hakikushuka tena. Kwenye simu Taisiya alikuwa akisema maneno mawili matatu, kisha anapumua tu, na Bi Aliya alikuwa akiisikiliza ile pumzi, simu sikioni, mpaka betri inaisha. Hatem aliichomeka kwenye umeme huku mama yake bado ameishika, asije akakosa hata pumzi moja. Sisi tulisoma tunachokijua kusoma. Sijui kinamfikia nani, na sikuuliza.

Aliyepiga mara ya mwisho alikuwa jirani yake. Bi Aliya aliisikiliza sauti ile ngeni, akaitikia mara moja, akaiweka simu juu ya mapaja yake. "Dada'angu kafa," alisema. Akaanza kuzivua bangili zake, moja moja, kama alivyofanya siku ya Marhoon.

Walimzika mto bado unapita. Makaburi ya kijiji yako mlimani nyuma ya nyumba, katikati ya misonobari, na ukungu siku ile ulikuwa umeinuka. Tuliona moshi tangu mapema. Walikuwa wamewasha moto juu ya ardhi ili ilainike wapate kuchimba. Chini ya ile nchi yenye jua zuri bado kulikuwa kumeganda. Tuliona watu weusi wadogo wanapanda na kitu kirefu mabegani. Bi Aliya alisimama pale pale kwenye mwinuko, na ile kanga nyekundu. Nilimwambia labda avae ya rangi nyingine. Akasema, "Ataijua hii."

Jirani alikuwa ameahidi kuifungua simu kaburini. Tuliyasikia maombi ya huko, marefu, kisha kimya, kisha mabonge ya udongo yakaanza kuanguka. Yalilia kama mawe. Sauti ile ilitufikia kwa simu tu, na sisi tunawaona kwa macho wanainama na kuinuka kule juu bila ya sauti yoyote. Hapo ndipo Bi Aliya alipoinua simu mdomoni akapiga ukelele.

"Dada, nisamehe! N'lingoja baridi ikatike, dada! N'lingoja baridi ikatike!"

Kule simu ikauliza kitu. Aliyeishika aliuliza mara mbili, lakini Bi Aliya alikuwa ameshakaa chini kwenye majani makavu. Jioni, tumempa chai, alinieleza kwamba yule jirani alikuwa akitaka kujua hiyo ni lugha gani.

"Kwani n'lisema Kiswahili?" aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo. Akainamisha kichwa. Nadhani hilo lilimuuma kuliko mengi, na mimi liliniuma pia, maana sisi ndio tuliomfanya hivyo. Tulimpenda, tukampa jina, lugha, kanga, na hofu zetu.

Hatem alitaka tungoje mto usafishike, boti zianze, tuvuke tukazuru kaburi. Alikuwa tayari kupoteza kazi. Mama yake akakataa. "Mie n'likuja kwa mtu," alisema. "Kuvuka sasa nnavuka kwa nani?" Zile kofia tatu alimwachia bibi wa mbuzi, azipeleke maji yakitulia, zikatundikwe ndani ya ile nyumba.

Maskati tulirudi kwenye joto la kuchemsha. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Kuna mashangazi katika ukoo huu nilijua watasema, azaa, haya matanga, ya mtu ambaye hakuwa Muislamu ni ya nini, na nilikuwa nimeshayapanga majibu yangu tangu ndani ya ndege. Sikuyahitaji. Walikuja wote. Walijaza sebule, wakakaa chini ya ile ramani, wakampa Bi Aliya mikono, na hakuna aliyeuliza dini ya maiti. Halwa ilikuwepo, kahawa ilikuwepo. Bi Aliya mwenyewe alishika birika na kuwamiminia, kwani mtu akimnyang'anya kazi ndipo anapolia.

Bi Zuweina, binamu yake marehemu Marhoon, ndiye aliyekaa karibu naye. Ni mama mwema, nasema kweli, hana ubaya hata wa sindano, na alikuwa anatafuta neno la kumtuliza mwenzake. Akamshika goti.

"Mungu akupe subira, Bi Aliya. Lakini angalau mumekwenda wakati mzuri, alhamdulillahi, baridi imeshakatika. Mungekwenda katikati ya baridi ile, na kifua hicho, mungefika kweli?"

Nilinyanyuka. Sijui nilitaka kusema nini, ila kingetoka kikali. Bi Aliya alinyoosha mkono bila ya kunitazama, akanishika kifundo cha mkono, nikakaa. Aliinamisha birika, akakijaza kifinjani cha Bi Zuweina, akampa kwa mkono wa kulia.

"Tungefika, dada," alisema.